Somo la Sita: Kuandaa Kasha la Siri kwa Programu Inayotumiwa na Wengi

Madhumuni

Baada ya kusoma somo hili, mtumiaji ataweza kueleza hatari ya nywila moja kutumiwa na watu wengi, kuandaa kasha la siri ndani ya kifaa chake, na kuchukua hatua kwa mpangilio pindi kifaa kinapopotea.

Mfano wa kuanzia

Tuchukue mfano wa kikundi cha wauza samaki watano wa Raskazone, jijini Tanga. Mauzo yao huandikwa katika programu moja. Sehemu ya programu hiyo imo katika simu za wanakikundi watatu, sehemu nyingine imo katika kompyuta ya katibu, na kumbukumbu zenyewe zimehifadhiwa katika seva ya mtoa huduma, mbali na Tanga. Hii ni programu tawanyifu: kazi ni moja, lakini viungo vyake viko mahali pengi na huwasiliana kwa intaneti.

Kabla ya kupokea au kutoa kumbukumbu, kila kiungo hudaiwa siri ya kukitambulisha. Kwa kutaka wepesi, kikundi kimeweka nywila moja kwa wote na kuiandika katika kundi lao la WhatsApp. Sasa tuseme simu ya mwanakikundi mmoja imeibwa sokoni, nayo haikuwa imefungwa. Mwizi hakupata simu peke yake. Amepata mlango wa mfumo mzima: majina ya wateja, namba zao za simu, na madeni ya kila mmoja. Kuifuta nywila katika simu moja hakutoshi, kwa kuwa imo katika simu zote. Wahenga walisema, siri ya mtungi aijuaye kata. Kata zikiwa nyingi na zote zikichota mtungi mmoja, haijulikani ni ipi iliyovujisha.

Aina mbili za siri

Siri ya kukariri ni kama namba ya siri ya akaunti yako ya pesa mtandao. Hii haiandikwi wala haiambiwi mtu, awe jamaa, wakala au mtu anayejitambulisha kuwa mtumishi wa kampuni ya simu. Namba yenye tarakimu nne ina michanganyiko 10,000 tu. Usalama wake unatokana na akaunti kufungwa baada ya makosa machache, na ukimya wa mwenyewe.

Siri ya kutunza ni ile isiyoweza kukaririwa kwa urefu au kwa wingi wake: nywila za barua pepe na za mfumo wa mauzo, pamoja na funguo ambazo programu moja huipa nyingine ili itambuliwe. Siri za namna hii ndizo zinazohitaji kasha.

Kasha la siri ni nini?

Ni faili moja ndani ya kifaa chako, ambamo siri zote zimegeuzwa kuwa mafumbo yasiyosomeka bila neno kuu. Kwa kuwa limo ndani ya kifaa, kasha hufunguka hata intaneti ikikatika, na siri zako hazipiti mikononi mwa mtu wa tatu. Lakini wajibu nao ni wako. Ukilisahau neno kuu, hakuna ofisi itakayoweza kukufungulia.

Hatua za kuandaa kasha

1. Orodhesha siri. Andika majina ya huduma zote zinazodai nywila, bila nywila zenyewe. Karibu na kila jina, taja nani anaihitaji na kwa kazi gani. Asiyeihitaji asipewe.

2. Pata programu ya kuhifadhi nywila. KeePassXC ni mfano mmoja kwa kompyuta, na KeePassDX kwa simu za Android. Zote hutumia aina moja ya faili, na zinapatikana bila malipo. Zimetajwa kwa kufundishia tu. Mtumiaji yuko huru kuchagua nyingine. Usipakue programu kwa kiungo ulichotumiwa kwa ujumbe. Ipate kwa watengenezaji wenyewe au katika duka rasmi la programu.

3. Tunga neno kuu. Chagua maneno matano kwa bahati nasibu, kwa mfano kwa kufumba macho na kufungua kamusi mara tano. Hata kama orodha yako ina maneno 1,000 tu, michanganyiko ya maneno matano hufika trilioni 1,000. Usitumie methali, mstari wa wimbo au jina la mtoto, kwani wezi huanza kubahatisha kwa hayo.

4. Kipe kila kiungo siri yake. Mwombe mtoa huduma awafungulie wanakikundi akaunti tofauti, kila mmoja kwa jina lake. Kila mtu aandae kasha katika kifaa chake, liwe na siri zake peke yake. Iache programu ya nywila ikutungie nywila ndefu. Siri isiandikwe ndani ya jedwali la mauzo wala katika picha iliyopigwa kwa simu.

5. Weka nakala ya akiba. Akiba haiozi. Nakili faili la kasha katika flashi na uihifadhi mahali tofauti na kifaa chenyewe. Neno kuu liandikwe katika karatasi, litiwe katika bahasha iliyofungwa, na likae kwa mtu unayemwamini. Bahasha na flashi zisikae pamoja, kwa maana ufunguo haufungiwi na kasha lake. Jaribu kuifungua nakala hiyo angalau mara moja. Nakala isiyojaribiwa si ya kutegemewa.

6. Badilisha nywila za zamani. Kuufuta ujumbe wenye nywila hakuhakikishi kuwa hakuna aliyekwisha kuinakili. Nywila iliyowahi kutumwa katika kundi ihesabiwe kuwa imevuja.

Kifaa kikipotea

Usisubiri kesho. Kwanza, mpigie mtoa huduma wako wa simu kwa namba 100, laini na akaunti ya pesa zifungwe. Pili, mwombe msimamizi wa mfumo aiondoe akaunti ya mwenye kifaa. Kwa kuwa kila kiungo kina siri yake, wengine wataendelea na kazi. Tatu, fungua nakala ya akiba katika kifaa kingine, kisha badilisha nywila zilizokuwamo, ukianza na ya barua pepe, kwani kwayo nywila nyingine huweza kubadilishwa. Nne, toa taarifa polisi. Baada ya hapo, piga *106# kuhakiki laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukipokea ujumbe wa kitapeli, iwasilishe namba iliyoutuma kwenda 15040.

Wajibu wa kisheria

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu kuzilinda. Daftari la wateja wa kikundi, likiwa na majina na namba za simu, ni taarifa za watu. Kwa hiyo, kutunza siri ya mfumo ni kuwalinda pia wateja ambao hawakuwapo nywila ilipoandikwa. Naye anayeingia katika mfumo wa mwingine bila ruhusa anatenda kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015.

Maswali ya kujipima

1. Ni watu wangapi wanaijua nywila ya mfumo unaoutumia leo, na ni wangapi kati yao wanaoihitaji?

2. Simu yako ikipotea usiku huu, utaanza na hatua gani?

3. Mwanakikundi akijitoa, ni siri ipi itakayobadilishwa, na nani atakayeibadilisha?

Iwapo swali lolote limekosa jibu, rudi katika hatua ya kwanza. Orodha ya siri huandikwa kwa muda mfupi; deni la mteja lililofutwa na mkono usiojulikana huenda lisilipwe kamwe.