Dondoo muhimu: Farasi katika hadithi mnayoigiza pamoja

Mhusika wako asimnase farasi mwitu asubuhi na kumpanda vitani jioni. Farasi ni mnyama wa kuwindwa. Akishtuka, hukimbia kwanza. Kumzoesha huchukua wiki, mara nyingi miezi: azoee harufu yako, mkono shingoni, hatamu, tandiko, na mwisho kabisa uzito wa mtu mgongoni.

Msimjibie farasi. Mmoja aandike mkono unaonyooshwa. Mwenzake anayemwigiza farasi aamue kama atausogelea au atarudi nyuma. Utamu wa mchezo uko hapo, na ndipo wengi wanapoharakisha.

Someni masikio. Yakielekea mbele, anafuatilia kitu. Yakilala nyuma kabisa, amekasirika. Moja kwa moja nyuma yake haoni, hivyo anayemnyemelea kutoka huko anaweza kula teke.

Mpeni hofu yake mwenyewe. Mwandishi wa kale Plutarch anasimulia kwamba Alexander Mkuu alimtuliza farasi aitwaye Bucephalus kwa kumgeuza alielekee jua, maana farasi yule aliogopa kivuli chake. Nguvu hazikuhitajika, macho yalitosha. Mwacheni mhusika wenu naye agundue kwa kutazama.

Safarini. Farasi akitembea huenda kama kilomita 6 kwa saa. Mbio za kasi hudumu kilomita chache tu. Kwa siku hunywa lita 20 hadi 40 za maji, na zaidi kwenye joto. Jiwe moja lililonasa kwatoni linatosha kubadili mkondo wa sura nzima.