Kisahani cha Maji Kichwani

Nilikuwa na mwaka wa tatu London, nikifanya zamu za usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee, nilipoanza kwenda kila Jumapili kwa watu sita wanaojifunza uchawi wa kizungu. Neno lenyewe linanikwaza. Kwetu Tanga mchawi ni mwenye kuroga, mwenye kutibu ni mganga, na mazingaombwe ni ya jukwaani. Wao neno moja linabeba yote, na ukiwauliza watakwambia kazi yao ni kuleta mabadiliko kwa nguvu ya nia. Nitasema uganga, msomaji anivumilie.

Nilitarajia majoho, ubani na majina ya malaika. Miezi saba ya mwanzo nilikalishwa kwenye kiti cha mbao nitulize akili. Aliyetuongoza, bibi mmoja Mwingereza aliyestaafu kufundisha hesabu, alikuwa na jibu moja kwa kila swali langu la majini na mizimu: “Jana umekaa dakika ngapi?”

1. Mawazo hayafukuzwi

Alinipa kitabu cha Franz Bardon, mganga wa Opava katika nchi ya Cheki, kilichotoka kwa Kijerumani mwaka 1956. Njia yake ina ngazi kumi. Katika ngazi ya kwanza akili inapewa mazoezi matatu: kutazama mawazo yakipita bila kuyagusa, kushika wazo moja lisiponyoke, kisha kuiacha akili tupu. Unaanza na dakika tano, unapanda hadi kumi.

Kwa haraka zangu nikarukia la tatu. Nilikunja uso, nikauma meno, nikakiamuru kichwa kinyamaze. Kikajaa kuliko soko la Mgandini mkesha wa Idi: kodi ya nyumba, dawa za mzee wa chumba cha nne, binamu yangu anayedai hela hazijafika na mimi risiti ninayo.

Nikarudi kwenye zoezi la kwanza kwa aibu, na hapo nikamkumbuka babu alivyokuwa akikaa barazani baada ya alasiri. Mpita njia anamsalimu, babu anaitikia, mtu anakwenda zake. Sikumwona babu hata siku moja akiinuka kumfuata mtu hadi kwake. Basi wazo la kodi lilipokuja nililiitikia nikaliacha lipite. Wiki ya pili hivi nikabaini kwamba wapita njia wamepungua, na sikuwa nimemfukuza yeyote. Tuna tabia ya kuyaita mambo haya kutafakari, lakini kutafakari ndiko hasa unakokatazwa pale kitini.

2. Mwili ndio wa kwanza kugoma

Aleister Crowley ni mtu ambaye nisingemkaribisha nyumbani kwangu, na waliomkaribisha wengi walijuta. Lakini mwaka 1901 alikuwa Kandy, kisiwani Ceylon, akijifunza yoga na rafiki yake Allan Bennett, na alichorudi nacho kimo ndani ya mazoezi aliyoyachapisha mwaka 1909. Moja ni hili: ukijiona umeweza kukaa kimya, jitwike kisahani kilichojaa maji hadi ukingoni, kisimwagike hata tone.

Nilichukua kisahani cha kikombe cha chai, nikaweka kitambaa mabegani, nikaketi. Dakika ya tatu maji yalinishuka mgongoni hadi kiunoni, na ilikuwa Januari. Nililaumu shingo wiki nzima. Kumbe shingo haikuwa na kosa; mtetemeko ulianzia kwenye taya. Kila wazo linalonikera lilikuwa linanikaza meno kidogo, na kisahani kinajua kabla yangu. Tangu hapo hata kazini, mzee mmoja akikataa kula kwa mara ya nne, ninashtukia taya langu kwanza.

Huyohuyo Crowley ana zoezi jingine, la kujichanja mkono kwa wembe kila ukiteleza. Hilo niliwaachia wenyewe, nawe liache.

3. Hesabu kila unapoponyoka

Katika kushika wazo moja, vitabu vyao vinakutaka uhesabu mara ngapi umekatika. Nilinunua tasbihi mpya kwa ajili hiyo. Ile ya bibi yangu ninayo, lakini adabu ni adabu. Chombo changu kilikuwa picha ya yai jeupe kichwani. Nikiponyoka, ninasogeza shanga moja.

Usiku wa kwanza, dakika kumi, shanga 31. Baada ya wiki tatu za kujitahidi, 58. Nilikwenda Jumapili ile nikiwa nimeshaamua kuacha. Yule bibi alisoma daftari langu, akafurahi kama mwalimu aliyeona mwanafunzi amepata jibu. “Zamani ulikuwa unatoka nje dakika nzima, unarudi, unaandika moja,” akaniambia. “Sasa unajikamata mlangoni.”

Bibi yangu mwenyewe angemwelewa. Alikuwa akituona sisi wajukuu tunasali huku macho yanatanga, anasema mwili uko kwenye mswala, moyo uko Mgandini. Aliita khushuu kile tulichokikosa, na sikumbuki akidai kwamba yeye anacho.

4. Jicho lina mambo yake

Hapa ndipo nilipodanganyika. Chama cha Golden Dawn, kilichoanzishwa London mwaka 1888, kilichukua kutoka India alama tano za asili ya vitu: mraba wa njano kwa ardhi, hilali ya fedha kwa maji, pembetatu nyekundu kwa moto, duara la buluu kwa hewa, na umbo la yai jeusi au la nili kwa kile wanachokiita roho. Unaikodolea macho mojawapo, kisha unahamishia jicho kwenye karatasi nyeupe, na alama inakutokea pale kwa rangi iliyo kinyume chake.

Nilipoona mraba wa zambarau unaelea ukutani mwangu, nywele zilinisimama. Nilidhani nimefunguliwa mlango. Kesho yake nikamsimulia muuguzi mwenzangu wa zamu, naye akanieleza huku anakoroga chai: chembe za ndani ya jicho zinazopokea ile rangi zimechoka, zinazobaki ndizo zinazosema. Mraba ule ungeweza kumtokea hata mtoto wa darasa la pili.

Hata hivyo zoezi sikuliacha, kwa sababu nyingine kabisa. Mraba ule ukiukimbiza kwa jicho unakukimbia, kwani unakwenda na jicho lako mwenyewe. Ukitulia, unatulia. Sijapata mwalimu wa utulivu mwepesi na mkali kama ule. Wenzangu kikundini wao huingia ndani ya alama kama mlangoni, wakasafiri na kurudi na hadithi ndefu. Mimi nimebaki kizingitini na sioni haya.

5. Pumzi: nne, nne, nne, nne

Vuta kwa hesabu ya nne, zuia nne, toa nne, kaa mtupu nne. Ukisikia kizunguzungu acha, na mwenye shinikizo la damu asizuie pumzi kabisa. La zaidi sina.

6. Usikae baada ya zamu ya usiku

Nilifanya hivyo miezi miwili na nikaandika daftarini kwamba nimefikia utupu wa dakika 40. Ulikuwa usingizi. Mpangaji mwenzangu alisikia nakoroma.

7. Usiwaeleze watu wa nyumbani kwa simu

Au ukiwaeleza, jiandae. Shangazi yangu alipata habari kwa binamu, yule wa risiti, akanipigia alfajiri nikiwa ndani ya basi natoka kazini.

“Shikamoo shangazi.”

“Marahaba. Nasikia umekuwa mganga wa kizungu.”

Nikamweleza yote: kiti, kisahani, shanga. Alisikiliza bila kunikatiza, jambo lisilo la kawaida yake.

“Na hayo majini, umeyaona?”

“Bado, shangazi. Ila jana nimeshuka hadi shanga 19.”

Alinyamaza. Nikasikia jogoo wa jirani yake anawika.

“Kumi na tisa kwa dakika kumi,” akasema. “Mimi kwenye rakaa mbili za alfajiri hii nimeshapika, nimemgombeza fundi wa paa na nimekwenda Pangani nikarudi. Hebu nieleze tena hilo la babu yako na kibaraza.”