Mstari wa Nne: Kundi la Walimu Halijengwi kwa Salamu

Grupu langu la kwanza la walimu lilikufa likiwa limejaa ujumbe. Kila asubuhi simu ililia: bonjour walimu, picha ya maua, sala ya siku, mtu anauza friji. Tulikuwa zaidi ya mia moja hapa Goma, kuanzia Ndosho hadi Majengo, na sikumbuki hata siku moja ambayo mwalimu aliingia darasani na kitu alichokiokota mle ndani.

Mei 2021 ndiyo iliyotuvua nguo. Volkano yetu, Nyiragongo, ililipuka jioni ya tarehe 22, na baada ya lava kusimama ardhi iliendelea kutetemeka siku baada ya siku. Grupu letu, watu tunaolipwa (tukilipwa) ili kuelimisha, likageuka soko la uvumi: picha za lava za nchi nyingine, sauti za watu wasiojulikana wakidai Ziwa Kivu litapasuka saa fulani. Sauti moja niliituma mimi. Mwenzetu mmoja aliisikia saa nne ya usiku, akawabeba watoto wake kwa miguu kwenye barabara ya Sake. Amri ya kweli ya kuhama ilikuja tarehe 27. Yeye alikuwa amekwisha kuhama na kurudi, miguu ya watoto imevimba. Aliporudi hakunitukana. Alitoka kwenye grupu tu, na wengine wakamfuata.

Kundi tulilo nalo leo lilianza na walimu wanne. Naandika haya kwa mwalimu yeyote anayetaka kujenga la kwake, awe Bukavu, Kigoma au Kisumu, ili asianzie pale nilipoanzia mimi.

Anza na kazi, si na orodha ya namba

Ninafundisha kemia upande wa magharibi mwa mji. Huku, kuanzia Kyeshero kupita Lac Vert hadi Mugunga na Bulengo, kuna mashimo na mabonde madogo katika mawe ya lava ya zamani ambayo watu huyaogopa tangu enzi za mababu. Tunayaita mazuku. Gesi ya kaboni dayoksidi hupanda kutoka ardhini na kutulia humo. Haina rangi, haina harufu, na ni nzito kuliko hewa karibu mara moja na nusu, kwa hiyo hukaa chini kama maji kwenye beseni. Usiku na alfajiri, wakati upepo umelala, hujaa. Jua likichomoza na upepo ukianza, hupungua. Anayeshuka humo asubuhi kutafuta kuni huenda asipande tena.

Siku moja mwanafunzi alichelewa. Nilipomuuliza, akasema mbuzi watatu wa jirani wamekutwa wamekufa shimoni. Darasa likalipuka. Nusu wakasema mazuku, wengine wakasema uchawi. Nami wiki ileile nilikuwa nimeandika ubaoni sifa za gesi hiyohiyo, wakazinakili vizuri kwenye madaftari, na hakuna aliyeunganisha ubao na shimo. Kosa lilikuwa langu.

Kesho yake nilikuja na beseni, vipande viwili vya mshumaa, kimoja kirefu na kimoja kifupi, siki na bikaboneti ya kuokea mandazi. Niliwasha mishumaa ndani ya beseni. Nikachanganya siki na bikaboneti ndani ya jagi, povu likapanda na kutulia. Kisha nikainamisha jagi polepole juu ya ukingo wa beseni, kimiminika kikibaki ndani, kana kwamba namimina kitu kisichoonekana. Mshumaa mfupi ukazimika. Mrefu ukaendelea kuwaka. Nikamimina tena, na ule mrefu nao ukafa.

Kimya. Halafu msichana wa benchi la nyuma akasema: "Mwalimu, mbuzi ndiye ule mfupi." Mwingine akaongeza: "Na mtoto pia."

Somo lingeweza kuishia hapo, lakini wakati huo familia zilizokimbia vita zilikuwa zinafika kila wiki na kupiga hema za plastiki juu ya lava ileile. Watu wa Masisi na Rutshuru wangejuaje shimo lipi ni la kuogopwa? Wanafunzi wakaenda kwa wazee wa avenyu zao na kuuliza: wapi mifugo ilikufa, wapi wakubwa waliwakataza kucheza. Wakachora ramani kwa mkono, nami nikaipiga picha na kuwatumia walimu watatu.

Wa jiografia akajibu kwamba kaskazini yetu imelala upande. Wa Kifaransa akaandika tangazo fupi, kisha akalifuta na kuliandika upya kwa Kiswahili, kwa sababu mama anayefika na mtoto mgongoni hasomi Kifaransa. Wa primere, yaani shule ya msingi, akaligeuza kuwa wimbo wa kuruka kamba. Hatukuwa tumeunda grupu. Tulikuwa na kazi, na kazi ikadai grupu.

Ifunge kazi kwenye somo

Ukimwambia mzazi wa Goma kwamba mtoto wake ataenda kufanya kazi ya jamii, atafikiri ni salongo. Ana haki. Tangu enzi za Mobutu tunaijua: unashika fagio, unasafisha mtaro, unarudi nyumbani. Salongo ina faida yake, ila haikurudishi darasani na swali.

Wenzetu wa Tanzania walipita njia hiyo kabla yetu. Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alitaka shamba la shule liwe sehemu ya masomo, mwanafunzi apange, apime, na akikosea ajue sababu. Pale mwalimu alipoacha kuuliza maswali, shamba liligeuka kibarua cha watoto.

Sisi tuna kipimo kimoja. Kabla ya kutoka, mwalimu aonyeshe ukurasa wa programu ya masomo ambao kazi hiyo inaufundisha. Kama haupo, hiyo ni salongo, tuifanye Jumamosi bila kuipa jina kubwa. Kipimo hiki ndicho pia kinachomtuliza Papa Prefe, mkuu wa shule, anapouliza, kama walivyouliza wakuu wote, "Na Exetat?", yaani mtihani wa taifa. Namjibu kwamba gesi ya mazuku imo kwenye kemia, uwiano umo kwenye hesabu, na mtoto aliyeona mshumaa ukizimika hasahau uzito wa gesi siku ya mtihani.

Mistari minne, na wa nne ni lazima

Hapa ndipo penye moyo wa jambo. Kila Ijumaa shule moja inatuma kwenye grupu fishi, yaani taarifa fupi, ya mistari minne: shida tuliyoiona, somo tulilolifunga nalo, tulichofanya, na kilichotushinda. Fishi isiyo na mstari wa nne hairuhusiwi. Tunairudisha kwa heshima.

Mwanzoni walimu waliuchukia. Tumezoea mkaguzi, na mbele ya mkaguzi hakuna kinachotushinda. Mmoja aliandika "hakuna" wiki tatu mfululizo. Fishi zake zilipendeza na hakuna aliyezijibu, maana mtu aliyeshinda umjibu nini zaidi ya pongezi? Pongezi ni salamu nyingine tu.

Wiki ya nne aliandika hivi. Darasa lake lilikuwa linajifunza uwiano kwa maji ya ziwa. Kwenye fuo tunakochota kuna vituo ambako mhudumu anatia klorini ndani ya bidoni kwa sindano, kwa sababu kipindupindu hapa kwetu si hadithi; mji huu uliona mwaka 1994 kinavyoweza kuua. Hesabu ilikuwa nyepesi: myeyusho wa asilimia 1 una miligramu 10 katika kila mililita, bidoni ni lita 20, ukitaka miligramu 2 kwa kila lita unahitaji miligramu 40, yaani mililita 4. Watoto wote walipata. Kisha mtoto mmoja akainua bidoni la kwao, limebonyea ubavu mzima, akauliza kama hilo nalo ni lita 20. Mstari wa nne ukasema: "Sikuwa na jibu."

Jioni ile simu haikunyamaza. Mmoja alipendekeza kulijaza kwa chupa ya lita moja na nusu na kuhesabu. Mwingine akakumbusha kwamba kipimo cha klorini si chetu kukiamua: ni cha mhudumu aliyepima maji, kwani maji ya siku ya mvua si sawa na ya kiangazi, na baada ya kutia husubiriwa nusu saa. Wanafunzi walipima mabidoni ya avenyu yao, yaliyobonyea hayakufika 20, na majibu yakapelekwa kwa mhudumu, ambaye aliyachukua kwa uzito kuliko tulivyotegemea. Somo hilo likafundishwa katika shule nne kabla ya mwezi kuisha, kila moja ikilirekebisha kidogo. Lilitoka kwa mwalimu aliyekubali kuandika kwamba hakujua.

Pima mega na betri

Walimu wengi wa Kongo, hasa wale ambao bado hawajaingia kwenye orodha ya mishahara ya Serikali, wanaishi kwa kubangaiza, na tangu elimu ya msingi iwe ya bure Septemba 2019 madarasa yamefurika. Usiwaombe video. Fishi yetu ni maandishi na picha moja. Asiyeweza kuandika anarekodi sauti isiyozidi dakika mbili. Grupu linafunguka Ijumaa jioni na Jumamosi. Siku nyingine limefungwa, hata kwa sala. Na kila shule inanakili fishi zote kwenye daftari la karatasi. Nitaeleza faida yake.

Kabla ya kusambaza, jibu maswali matatu

Nani aliona? Wapi? Lini? Ukikosa moja, usitume. Sheria hii niliiandika mimi, na kila mgeni anapoingia namsimulia habari ya barabara ya Sake, na kwamba sauti ile ilitoka kwenye simu yangu.

Mtoto haendi pasipo salama

Wanafunzi wetu hawajawahi kushuka kwenye shimo la mazuku na hawatashuka. Wanauliza, wanachora, wanatangaza. Ziwani hawashiki klorini. Kabla ya kutoka tunamwona shefu wa kartie, yaani mtaa, na wa nyumba kumi, na mzazi anajua saa ya kurudi. Hali ya mji ikibadilika, tunabaki darasani, na hakuna anayeulizwa sababu.

Simu zilipozimika

Mwishoni mwa Januari 2025 vita viliingia mjini, na waasi wa M23 wakauchukua. Umeme ulikatika, intaneti ikakatika, mabomba yakakauka. Mji mzima ukashuka ziwani na mabidoni. Benki zikafungwa, na mwezi uliofuata kambi za wakimbizi zikavunjwa. Walimu wetu wengine walivuka mpaka, wengine walikwenda walikokwenda.

Mtandao uliporudi niliogopa kufungua grupu. Nilidhani nitakuta kama ya 2021. Nilikuta picha ya ukurasa wa daftari. Mwalimu wa primere, yule wa wimbo wa kamba, alikuwa na fishi ya maji iliyonakiliwa kwa kalamu. Siku zile za giza alipita avenyu yake na wanafunzi wawili wakubwa, wanawe mwenyewe, wakiwaeleza majirani kuchemsha kwa aliye na makaa, na kwa asiye nayo, kutafuta kituo cha klorini kabla ya kunywa. Hakuna aliyemtuma, na hakukuwa na mtu wa kumtuma.

Ukitaka kuanza, usiunde grupu leo. Tafuta walimu watatu mnaochota maji sehemu moja au mnaovuka mtaro mmoja, chagueni shida moja, ifungeni kwenye ukurasa wa programu, mfanye kwa mwezi mzima. Grupu litajiomba lenyewe.

Fishi ya mwalimu yule wa primere, ya mwezi ule wa giza, ilikuwa na mistari mitatu mifupi. Wa nne ulisema: "Kilichotushinda: nyumba kumi na moja hatukuzifikia. Makaa yalikwisha hata kwetu." Chini yake, kabla sijamaliza kusoma, mwalimu wa Kyeshero alikuwa ameshauliza: nyumba zipi?