Yatima ni wa Nyumba ya Nani?

Katika mwaka wa 7 wa Hijra, Mtume (s.a.w.) alipokuwa akitoka Makka baada ya kuimaliza Umra ya kulipa, alifuatwa nyuma na mtoto mwanamke akimwita ami yake. Alikuwa ni binti wa Seyyidna Hamza (r.a.). Baba yake aliuawa shahidi katika vita vya Uhud mwaka wa 3, na mtoto akawa amebaki Makka muda wote ule, mbali na jamaa za baba yake waliohamia Madina. Seyyidna Ali akamshika mkono, akamkabidhi kwa Bibi Fatma. Kisha ikazuka daawa.

Watu watatu walimtaka mtoto yule. Seyyidna Ali alitoa hoja kuwa ni binti wa ami yake, na tena yeye ndiye aliyemchukua. Nduguye Jaafar naye akasema ni binti wa ami yake, na zaidi ya hayo khale yake, yaani dada wa mama yake, ndiye mke wake. Zayd bin Haritha akadai kwa udugu aliofungiwa na marehemu Hamza. Mtume (s.a.w.) akahukumu mtoto apewe khale yake, akaeleza ya kuwa khale yuko mahali pa mama. Kisa hiki kimo katika Sahihi ya Bukhari.

Twamwomba msomaji wetu atue hapa kidogo kabla hatujaendelea. Mtoto alikuwa tayari mkononi mwa binti wa Mtume, na hapana nyumba iliyo bora kuliko ile. Walakini hukumu haikutazama nani aliyetangulia kumshika wala nani mwenye daraja. Ilitazama mapaja ya nani yako karibu zaidi na mapaja ya mama aliyemkosa. Na jambo la pili: wanaume watatu walisimama mbele ya kadhi wakigombania mzigo wa kulisha mtoto asiyekuwa wao.

Sasa na tuutazame mji wetu. Mtu amekufa ameacha watoto wanne. Siku ya hitima yamepikwa masufuria ya pilau, na mjini kote imesifiwa hitima ile. (Tumekwisha kusema mara nyingi juu ya fedha za hitima, hapa tutasema tu kwamba zingewalisha watoto wale miezi.) Wiki ya pili jamaa wamekaa kitako. Shangazi ana wake watano. Khale amepanga chumba kimoja. Ami yuko Bara na mshahara wake haumtoshi. Mmoja akasema pana nyumba njema ya mayatima, chakula kipo, skuli ipo, na Qur'ani yasomeshwa. Wote wakapumua. Mtoto akapelekwa na kisanduku chake, na hapakuwa na hata mmoja aliyemgombania.

Hatusemi kwamba nyumba hizo ni mbaya. Nyingi zilianzishwa na watu wa kheri kwa nia safi, na wapo watoto ambao bila ya hizo wangelala barabarani. Tusemalo ni kuwa nyumba hizo zimejaa watoto ambao wana watu wao. Shirika la Save the Children, katika ripoti yake ya mwaka 2009, lilieleza kwamba katika kila watoto watano wanaolelewa katika nyumba za namna hii duniani, kwa uchache wanne wana mzazi mmoja au wote wawili walio hai. Katika Kenya makadirio yaliyotajwa mara nyingi ni kuwa watoto zaidi ya 40,000 wamo katika nyumba hizo. Basi kilichowatoa wengi katika nyumba zao ni ufukara. Na mwaka huo huo wa 2009 Umoja wa Mataifa ulipitisha muongozo unaosema ya kuwa umasikini peke yake usiwe sababu ya kumtenga mtoto na jamaa zake.

Pengine jina lenyewe latupoteza. Yatima katika sharia ni mtoto aliyefiwa na baba kabla hajabaleghe. Mama yake aweza kuwa hai, na bibi, na khale, na ndugu wakubwa. Kukosa baba si kukosa nyumba. Lakini siku hizi mtu akisikia "yatima" huwazia papo hapo jengo lenye vitanda vya safu na kibao langoni.

Wafasiri wamepokea kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.) ya kwamba ziliposhuka aya za kuonya juu ya kula mali ya mayatima, Masahaba waliingiwa na hofu kubwa. Waliokuwa na mayatima majumbani mwao wakatenga chakula cha yatima na chakula chao, na kikisazwa huwekwa mpaka yatima akile au kioze. Wakaona uzito, wakauliza. Ndipo ikashuka aya ya 220 ya Suratul Baqara, iliyowaruhusu kuchanganyika nao, kwani hao ni ndugu zao, na Mwenyezi Mungu amjua afisidiye na atengenezaye. Tazameni vyema: hata kutenga sahani ndani ya nyumba moja kulionekana ni dhiki, wakarudishwa kwenye sinia moja. Je, kumtenga yatima mwenyewe, kitanda chake na Idi yake, katika mtaa asioujua mtu wake?

Atatokea mwenye kusema: "Huko hula vizuri kuliko kwao." Huenda ikawa kweli. Katika nchi ya Romania, utawala ulipoanguka mwaka 1989, dunia iliona maelfu ya watoto waliolelewa katika majengo ya serikali. Baadaye wataalamu wakawachukua watoto wadogo 136 katika mji wa Bucharest, nusu wakawatia katika nyumba za walezi, nusu wakaendelea na malezi yaliyokuwapo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007 yalionyesha ya kuwa waliopata nyumba walikua akili kuliko wenzao, na hasa wale waliopata kabla ya kutimiza miaka miwili. Mtoto mchanga hujifunza kusema na kupenda kwa uso mmoja unaorudi kila asubuhi. Mlezi wa zamu, hata awe mwema namna gani, jioni huenda kwake.

Serikali ya Kenya nayo imegeuza njia. Mwaka 2017 ilisimamisha kuandikisha nyumba mpya za watoto. Mwaka 2022 ikatangaza mpango wa miaka kumi, hata 2032, wa kuwarudisha watoto kwa jamaa zao au kuwapatia walezi, na mwaka huo huo ikapitishwa Sheria mpya ya Watoto. Baadhi ya ndugu zetu wamelipokea jambo hili kwa wasiwasi, wakidhani ni hila ya kuzifunga nyumba za Waislamu. Lau wangesoma vitabu vyao wangeona ni jambo tulilokuwa nalo zamani.

Imam Malik amepokea katika Muwatta kwamba mtu mmoja, jina lake Sunayn Abu Jamila, aliokota mtoto aliyetupwa, akamleta kwa Seyyidna Umar (r.a.) katika siku za ukhalifa wake. Seyyidna Umar hakumshukuru wala hakumpiga picha. Alimuuliza kwanza kilichompelekea kumchukua. Akajibu kuwa alimkuta anapotea, akamwokota. Mkubwa wa kabila lake akasimama kumshuhudia kuwa ni mtu mwema. Seyyidna Umar akarudia kuuliza, je, ni hivyo? Alipothibitishiwa, akamruhusu aende na mtoto nyumbani kwake, akatoa hukumu kuwa mtoto ni muungwana, na kwamba matumizi yake ni juu ya dola.

Hapa imekusanyika kazi yote ambayo leo yaandikiwa vitabu vikubwa. Mlezi alichunguzwa. Anayemjua alitoa ushahidi. Mtoto alipelekwa nyumbani kwa mtu. Na fedha za umma zikamfuata mtoto huko alikokwenda. Hili la mwisho ndilo tulilolipindua sisi, kwani fedha zetu hukaa mahali pamoja, na mtoto hulazimika kuzifuata. Khale akiomba shilingi za kumlea mtoto wa dada yake huambiwa avumilie. Mtoto yule yule akiingia katika jengo, wafadhili watatu humlipia kitanda. Kwa hivyo jamaa masikini hufanya hesabu, na hesabu yao ni sahihi.

Na yawezekana kufanywa kinyume chake. Mwaka 2004 Serikali ya Kenya ilianza kwa majaribio kuwapa fedha moja kwa moja watu wanaolea mayatima majumbani, nyumba 500 katika Kwale, Garissa na Nairobi, na baadaye mpango ukaenea nchini. Kiwango kilichojulikana kwa miaka mingi, shilingi 2,000 kwa mwezi, ni kidogo. Lakini bibi wa Kwale alibaki na wajukuu wake. Wenye mali miongoni mwetu wakumbuke Bibi Zaynab, mke wa Ibn Masud (r.a.), aliyetaka kujua kama atapata thawabu ya sadaka kwa kumpa mumewe na mayatima walio mikononi mwake, Mtume (s.a.w.) akajibu kuwa ana ujira mara mbili, wa ujamaa na wa sadaka.

Ama kumrudisha mtoto, si kumpandisha gari na kumshusha kwenye kizingiti cha mtu. Huanza na faili: nani alimleta, siku gani, alisema nini. Faili nyingi ni tupu, na huo ndio msiba wa kwanza. Fukahaa wetu waliliona hilo. Imam Nawawi katika Minhaj ameeleza kuwa kumwokota mtoto aliyetupwa ni faradhi ya kifaya, na kwa kauli iliyo sahihi zaidi ni wajibu kushuhudisha, ili uungwana wa mtoto na nasaba yake zisipotee. Pasipo faili hubaki ulimi wa mtoto mwenyewe: lahaja anayoisema, jina la kisima, jina la mwalimu wa chuoni, wimbo wa kubembelezea. Huulizwa chifu, mzee wa mtaa, imamu. Hata Zayd bin Haritha, aliyetekwa utotoni akauzwa Makka, alipatikana na baba yake, kama wasimuliavyo wapokezi wa sira, kwa sababu mahujaji wa kabila lake walimwona na kumtambua, wakarudi na habari. Na baba alipokuja kumkomboa, Zayd aliulizwa mwenyewe atakalo, akachagua kubaki. Mtoto mwenye akili aulizwe.

Jamaa wakipatikana, hapo kazi ndiyo kwanza imeanza. Lazima ijulikane kwa nini walimtoa. Wako jamaa walio madhalimu; aya ya 10 ya Suratun Nisaa yatisha kwa sababu walaji wa mali ya yatima huwa ni watu wake wa karibu. Msichana anayerudishwa kwa ami ili awe mtumishi wa kuosha vyombo huku binamu zake wakienda skuli, huyo hajarudishwa. Basi hutangulia matembezi ya siku moja, kisha ya likizo, na baada ya kurejea nyumbani mtu wa ustawi huenda kumtazama mara kwa mara, akizungumza na mtoto faragha. Nyumba ya watoto isiyofanya ufuatilizi huo imepunguza wali wa jikoni tu.

Wabaki wale wasiopatikana jamaa. Kwa hao iko kafala. Mapatano ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 1989 juu ya haki za mtoto yameitaja kwa jina, na Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka 2022 vilevile imeitambua. Watu wetu huichanganya na kule kupanga mtoto kwa sheria ya serikali, ambako mtoto huhesabiwa kama amezaliwa na waliompanga. Aya ya 5 ya Suratul Ahzab imekataza kumgeuza mtoto nasaba. Zayd aliyekuwa akiitwa mwana wa Muhammad alirudishiwa jina la Haritha. Kafili hulea, husomesha, hupenda, lakini jina la baba wa mtoto hulindwa. Na asiyejulikana baba yake ni ndugu yetu katika dini.

Twasikia hofu mbili. Ya kwanza ni mirathi: mtoto wa kafala hairithi nyumba ile. Lakini kafili aweza kumpa hiba angali hai, na kumwusia mpaka theluthi ya mali, na ambaye hana mrithi mtoto hupata kwa njia hiyo zaidi ya wapatavyo warithi wengi. Ya pili ni maharimu, atakapobaleghe. Kwa mtoto mchanga, katika madhehebu yetu ya Shafi, akinyonyeshwa mara tano mbalimbali kabla hajatimiza miaka miwili na mama mlezi, au na dada wa mmoja katika wale wawili, humpatia uharimu kwa kadiri ya ujamaa ule. Kwa mtoto mkubwa, nyumba hupangwa kwa adabu, kama zipangwavyo nyumba zote za ukoo mkubwa ambamo binamu hukua pamoja. Wazee wetu waliishi hivyo katika nyumba za ghorofa moja bila ya kumfukuza mtu.

Mwenye nia aanze kwa afisa wa watoto wa wilaya yake, wala asipatane faraghani na msimamizi wa nyumba yoyote, hata akiwa ni sahibu yake, kwa kuwa mapatano ya faragha ndiyo yaliyoacha faili tupu. Na mwenye kulipia kitanda asikate msaada wake ghafula, asije akawatia watoto katika njaa. Amwandikie msimamizi, amuulize ni watoto wangapi wana jamaa wanaojulikana, wangapi walilala kwao Idi iliyopita, na kama fedha yake inaweza kumfuata mmoja wao mpaka kwa khale yake.