Ukimya wa Jaji

Katika somo la Uraia, wanafunzi wangu wa Kidato cha Tatu waliniuliza swali ambalo kipindi kimoja hakikutosha kulijibu: Je, mtu anayetakiwa kuwa jaji ana haki ya kukataa kutoa rai yake juu ya hukumu mashuhuri? Nimeona vyema nilijibu hapa, ili wazee wetu nao wapate kulisoma.

Tuanze na mfano wa hapa kwetu. Tuseme watu wawili wa Donge wanadaiana fedha za karafuu, na kesi yao imefika mahakamani. Kabla ya siku ya kusikilizwa, hakimu ameketi barazani Malindi, anakunywa kahawa, akasema, "Fedha zile ni za fulani." Hata kama amesema kweli, yule wa pili ataingia mahakamani akijua kwamba ameshashindwa, na mashahidi wake hawatakuwa na kazi. Ndiyo maana hakimu hufunga mdomo. Si kwamba hana rai, bali rai yake haina budi kungoja maneno ya pande zote mbili.

Sasa tumtazame Thurgood Marshall, wakili Mmarekani mweusi. Yeye aliongoza mawakili katika kesi ya Brown. Tarehe 17 Mei 1954 majaji wote 9 wa Mahakama ya Juu ya Marekani waliamua katika kesi hiyo kwamba kuwatenga watoto kwa rangi zao katika skuli za serikali ni kinyume cha Katiba. Afrika ya Mashariki nayo inamjua mtu huyu, kwani mwaka 1960 alikwenda London, kwenye mkutano wa Lancaster House, akawasaidia wajumbe Waafrika wa Kenya kuandika rasimu ya haki za raia.

Mwaka 1967 Rais Lyndon Johnson alimteua Marshall kuwa jaji wa Mahakama hiyo hiyo ya Juu. Kwa desturi ya Marekani, mteuliwa huulizwa maswali hadharani na kamati ya Seneti. Marshall aliulizwa juu ya hukumu ya Miranda ya mwaka 1966, iliyowalazimisha polisi kumwambia mtu aliyekamatwa, kabla ya kumhoji, kwamba ana haki ya kunyamaza na ya kuwa na wakili. Alikataa kutoa rai, kwa sababu kesi nyengine za namna hiyo zilikuwa njiani. Tarehe 30 Agosti 1967 Seneti ilimthibitisha kwa kura 69 dhidi ya 11, akawa jaji mweusi wa kwanza wa Mahakama hiyo.

Lakini jambo jema likipita mpaka huharibika. Mwaka 2018 na baadaye, wateuliwa kadhaa wa mahakama za Marekani walikataa kusema hata kama hukumu ya Brown ilikuwa ya haki. Hoja yao ni hii: ukijibu juu ya hukumu moja utaulizwa ya pili na ya tatu, na pale utakaponyamaza watu watajua fikra zako. Hoja hii ina uzito. Hata hivyo, mwaka 2020 Amy Coney Barrett alisema wazi kwamba Brown iliamuliwa sawasawa, kisha akakataa kujibu juu ya hukumu nyengine zilizokuwa zikibishaniwa. Basi yawezekana kujibu moja na kuiacha nyengine.

Kwetu Tanzania, Bara na Zanzibar, majaji huteuliwa na Rais bila ya kuhojiwa hadharani. Jirani zetu wa Kenya, tangu mwaka 2011, huwahoji wanaotaka kuwa Jaji Mkuu mbele ya wananchi wote. Martha Koome alihojiwa Aprili 2021, wakati kesi ya BBI, iliyohusu kubadili Katiba, ilipokuwa Mahakama Kuu. Kesi ile ilipanda hadi Mahakama ya Juu, na tarehe 31 Machi 2022 ikaamuliwa na majaji ambao yeye ndiye aliyekuwa mkuu wao. Hapo mwanafunzi ataona kwa nini swali la leo laweza kuwa kesi ya kesho.

Chukueni na mfano wa Bara. Julai 2016 Mahakama Kuu iliamua, katika kesi ya Rebeca Gyumi, kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 vinavyoruhusu msichana wa chini ya miaka 18 kuolewa ni kinyume cha Katiba. Serikali ikakata rufani. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaikubali hukumu ile. Katika miaka ile mitatu, jaji aliyenyamaza alifanya wajibu wake.

Rai yangu ni kwamba ukimya wa jaji ni amana ya mdai na mdaiwa. Palipo na mtu anayengoja kusikilizwa, jaji anyamaze. Lakini hakuna anayengoja mahakamani kuuliza kama watoto watengwe kwa rangi. Jambo hilo limekuwa msingi wa kiapo chenyewe, na raia ana haki ya kujua kama anayeapa anauamini msingi huo.

Maswali
1. Kwa nini Marshall alikataa kutoa rai juu ya Miranda?
2. Lau ungeulizwa wewe juu ya Brown, ungejibu au ungenyamaza? Toa sababu mbili.
3. Je, yafaa majaji wetu wahojiwe hadharani kama Kenya? Jadilianeni na wazee nyumbani.