Somo la Nne: Kulipima Gari Dogo Kabla ya Kulinunua

Gari dogo lenye injini ya lita 1, kama vile Toyota Vitz, Toyota Passo au Suzuki Alto, huwavutia wengi wanaonunua gari kwa mara ya kwanza. Bei inayotajwa yadini, hata hivyo, si gharama yote. Mnunuzi anayemaliza akiba yake kwa kulipia gari, asibakize chochote cha matairi, bima na matengenezo ya mwanzo, huishia kuwa na gari lililoegeshwa uani huku yeye akiendelea kupanda daladala.

Anayeagiza gari kutoka Japani hadi Tanzania na ahesabu kodi kabla ya kutuma fedha. Ushuru wa forodha ni asilimia 25 ya thamani ya gari pamoja na bima na usafirishaji wake. Kisha huongezwa kodi ya ongezeko la thamani. Injini isiyozidi sentimita za ujazo 1,000 haitozwi ushuru wa bidhaa unaofuata ukubwa wa injini, lakini gari lililozidi miaka 8 tangu kutengenezwa hutozwa ushuru wa ziada kwa uchakavu. Kwa hiyo gari lililo rahisi kuliko yote mnadani huenda lisiwe rahisi likifika bandarini. Mamlaka ya Mapato ina kikokotoo mtandaoni. Kitumie mwenyewe, usitegemee hesabu ya dalali.

Kuhusu mafuta, mnunuzi asikubali neno “halili mafuta”. Atafute tarakimu. Mtu anayesafiri kilomita 30 kwa siku, siku 25 kwa mwezi, hufikisha kilomita 750. Gari linalokwenda kilomita 15 kwa lita litahitaji lita 50. Linalokwenda kilomita 10 litahitaji lita 75. Foleni na kiyoyozi hupunguza kilomita hizo, na gari dogo halisalimiki.

Ukaguzi ufanywe mchana, injini ikiwa baridi. Muuzaji akiwa amekwisha kuliwasha gari kabla hujafika, omba kurudi siku nyingine, kwa maana injini yenye joto huficha mengi. Moshi wa bluu unaoendelea kutoka ni dalili ya oili kuungua ndani. Passo ya lita 1, na vilevile Vitz ya lita 1 ya toleo lililoanza mwaka 2005, zina silinda tatu. Mtetemo mdogo gari likiwa limesimama ni wa kawaida. Mtetemo unaogongesha dashibodi si wa kawaida, na mara nyingi mipira inayoshikilia injini imechoka. Jaribu gari mlimani likiwa na watu wanne na kiyoyozi kimewashwa. Wengi hulijaribu wakiwa peke yao katika barabara tambarare, jaribio ambalo halifundishi lolote.

Inua zulia la sakafu na kifuniko cha tairi la akiba. Kutu mpya, tope mikunjoni au harufu ya uvundo huashiria gari lililopata kuzama katika mafuriko. Soma pia tarakimu nne za mwisho kwenye alama ya DOT ubavuni mwa tairi: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi laweza kuwa na kashata nzuri na bado likawa limezeeka.

Jambo moja hupuuzwa mno. Vitz ni miongoni mwa magari ambayo baadhi yake yaliitwa na mtengenezaji kwa sababu ya mifuko ya hewa ya Takata, ambayo kifaa chake cha kujazia hewa chaweza kupasuka na kurusha vipande vya chuma usoni mwa dereva. Joto na unyevu wa muda mrefu huzidisha hatari hiyo, na pwani yetu ina vyote viwili. Uliza kwa wakala wa mtengenezaji, ukitaja namba ya chasisi, kama gari hilo lilikwisha kurekebishwa.

Namba hiyohiyo ilingane na ile iliyo kwenye kadi ya gari, na jina la kwenye kadi liwe la anayeuza. Akidai kumuuzia ndugu yake, mwenye kadi aje mwenyewe au atoe idhini ya maandishi iliyothibitishwa na wakili. Fedha zipitie benki, na mkataba utiwe saini kabla ya ufunguo kukabidhiwa.