SOMO: Joto la Kompyuta ya Gia – Tupime Kabla ya Kununua

Gari letu la mradi ni la gia otomatiki. Lilikuwa likianza safari vizuri, lakini baada ya saa moja hivi linakataa kubadili gia, linabaki kwenye gia moja hadi lipoe. Gereji moja ilitushauri tununue giaboksi nyingine. Fedha hizo zingetoka kwenye fungu la visima. Kabla ya kuidhinisha tuliomba vipimo, na haya ndiyo tuliyojifunza.

Vitu viwili vinaweza kuzidiwa na joto: oili ya giaboksi, na kompyuta inayoiamuru ibadili gia. Dalili zinafanana, lakini tiba ni tofauti.

Hatua za kupima:

1. Fundi asome kumbukumbu za gari kwa mashine kabla ya kuchomoa betri, maana zinaweza kufutika. Namba P0700 husema tu kwamba mfumo wa gia una hitilafu. P0218 ni joto la oili. P0634 ni joto la ndani ya kompyuta yenyewe.

2. Akague oili: kiasi, rangi na harufu. Oili iliyoungua huwa nyeusi na hunuka.

3. Gari liendeshwe mpaka hitilafu itokee, huku joto la oili likisomwa. Oili ikiwa na joto la kawaida, mashaka yahamie kwenye kompyuta na nyaya zake.

4. Soketi na waya wa ethi vikaguliwe kama vina kutu au vimelegea.

5. Kama kompyuta iko nje ya giaboksi, ipulizwe hewa baridi, isimwagiwe maji. Hitilafu ikitoweka, huo ni ushahidi mzuri.

Kwetu ilisomeka P0634, na oili ilikuwa safi. Fundi wa pili aligundua kwamba katika matengenezo ya nyuma, kinga ya bati inayotenga kompyuta na joto la bomba la moshi haikurudishwa. Tulifunga bati jipya kwa boliti mbili. Giaboksi haikuguswa, na fedha za visima zipo.

Tunazishauri kamati za sharika: msiidhinishe kifaa kikubwa bila maelezo ya maandishi. Ni namba gani ilisomeka? Oili ilikuwa na joto kiasi gani? Na kama ni lazima kompyuta ibadilishwe, je, mpya itawekewa programu ya gari hilo? Wafadhili wetu wanastahili majibu hayo, nasi pia.